Jumamosi ya Riyadh: Nani Atapata Zamu Yake?

Wiki mbili zilizopita Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury mjini Riyadh na kukusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu. Tangu enzi za Lennox Lewis dunia haikuwa imepata bingwa mmoja tu wa uzito huo. Jumamosi hii, tarehe 1 Juni 2024, ukumbi ule ule wa Kingdom Arena unafunguliwa tena. Safari hii Usyk na Fury hawapigani. Watakaopanda ulingoni ni walio nyuma yao kwenye foleni, na karibu kila mmoja anakwenda na swali moja: zamu yangu ni lini?

Wengi wetu huangalia ngumi siku ya pambano la ubingwa tu. Tunaita jamaa, tunapika, tunakaa mpaka usiku wa manane, bingwa anatangazwa, tunaondoka. Lakini ubingwa una jikoni kwake, na jikoni humo ni mapambano ya mchujo. Anayeshinda hupata haki ya kumdai bingwa. Anayeshindwa hurudi mwisho wa foleni, na akiwa na umri mkubwa huenda asiione tena. Ndiyo maana usiku kama huu mara nyingi huwa na ngumi kali kuliko usiku wa bingwa mwenyewe.

Mchujo unafanyaje kazi

Ngumi za kulipwa zina vyombo vinne vinavyotoa mikanda mikubwa ya dunia: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila kimoja kina orodha yake ya mabondia, na kila kimoja humtaka bingwa wake, baada ya muda fulani, akutane na mpinzani wa lazima, yaani yule aliyefika juu ya orodha. Ili kumpata mtu huyo, chombo huwaamuru wawili walio karibu na kilele wapigane. Hilo ndilo pambano la mchujo. IBF ina msimamo mkali zaidi katika jambo hili: mara nyingi huacha nafasi ya kwanza na ya pili wazi kwenye orodha yake mpaka mtu azipate kwa kushinda mchujo.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi: shinda, kisha mdai bingwa. Ulingoni na ofisini mambo ni mengine. Bingwa mwenye mikanda minne ana wadai wanne, na vyombo hupeana zamu. Bingwa huyo pia ana mikataba ya marudiano, ana majeraha, na ana promota anayetafuta pambano lenye fedha nyingi. Mwenye haki anaweza kukaa miaka akingoja.

Anayekumbuka mwaka 2015 ataelewa. Tyson Fury alimvua Wladimir Klitschko mikanda yake mwishoni mwa Novemba mwaka huo. Kabla ya nusu ya Desemba, IBF ilikuwa imeshamnyang'anya mkanda wake, kwa sababu mkataba ulimtaka arudiane na Klitschko, na IBF ilitaka apigane na mpinzani wa lazima, Vyacheslav Glazkov. Mkanda uliobaki wazi ukagombewa na Glazkov na Charles Martin mwezi Januari 2016. Glazkov akaumia goti, Martin akawa bingwa. Miezi mitatu baadaye kijana mmoja wa London, Anthony Joshua, akamwangusha Martin katika raundi ya pili. Enzi ya Joshua ilianzia hapo, kwenye foleni iliyosogea ghafla.

Mwaka huu harufu ni ile ile. Usyk ana mikanda minne, na mkataba wa kurudiana na Fury uko mezani. IBF nayo ina mdai wake aliyechoka kungoja. Jina lake ni Filip Hrgovic.

Hrgovic na Dubois: aliyengoja na aliyetangulia

Hrgovic ni Mkroatia, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki ya Rio 2016. Ameshinda mapambano yake yote 17, 14 kati ya hayo kabla ya kengele ya mwisho. Alipata haki yake tarehe 20 Agosti 2022 mjini Jedda, katika mchujo wa IBF dhidi ya Mchina Zhilei Zhang. Usiku huo huo, kwenye ulingo huo huo, Usyk alimshinda Joshua kwa mara ya pili. Mdai na mdaiwa walipishana kwenye korido moja.

Tangu hapo ni karibu miaka miwili. Vyombo vilipopanga zamu za Usyk, WBA ilitangulia, na mdai wa WBA alikuwa Daniel Dubois wa London. Kwa hiyo Agosti 2023 ni Dubois aliyekwenda Wroclaw, Poland, kupigana na Usyk, huku Hrgovic akijaza muda kwa mapambano madogo. Dubois alipoteza katika raundi ya 9, baada ya ubishi mkubwa wa raundi ya 5, pale ngumi yake iliyomwangusha Usyk ilipohesabiwa kuwa imepiga chini ya mkanda wa suruali.

Sasa wawili hao wanakutana. Aliyengoja anapigana na aliyepita mbele yake, na mshindi atavaa mkanda wa muda wa IBF. Mkanda wa muda haumfanyi mtu kuwa bingwa kamili. Lakini Usyk akichagua marudiano na Fury kuliko matakwa ya IBF, mwenye mkanda huo ndiye aliye karibu zaidi na mlango. Kwa ukweli wa mambo, huu ni mchujo uliovalishwa nguo nzuri.

Dubois ana miaka 26, ushindi 20 na vipigo viwili. Ushindi 19 umekuja kwa kumaliza mapema. Ngumi yake ya kulia ni nzito, na jebu yake ni bora kuliko wengi wanavyoisifu. Swali linalomfuata ni la moyo. Novemba 2020, mbele ya Joe Joyce, alipiga goti na kukubali kuhesabiwa mpaka mwisho. Mitandaoni akaitwa mwoga. Kumbe mfupa unaozunguka jicho ulikuwa umevunjika, na madaktari wanajua kwamba kuendelea katika hali hiyo ni kucheza na upofu. Desemba iliyopita, hapa hapa Riyadh, alijibu kwa vitendo: alisimama na Jarrell Miller, mtu mzito mno, akabadilishana naye makonde hadi raundi ya 10 na kummaliza.

Familia ya Dubois ni ya ngumi. Baba yao ndiye aliyewaingiza watoto kwenye mchezo, na dada yake, Caroline, alipigania Uingereza kwenye Olimpiki ya Tokyo na sasa ni bondia wa kulipwa. Wazazi wenye mabinti wanaoomba kwenda jimu wana jina la kuwatajia.

Hrgovic ana uzoefu mkubwa wa ngumi za ridhaa na mkono wa kulia ulionyooka. Ana tatizo moja: anapigwa sana usoni. Zhang alimwangusha, na mabondia wadogo zaidi wamemgusa bila shida. Raundi nne za kwanza zitatuambia mengi. Hrgovic akiweza kumrudisha Dubois nyuma, maswali ya zamani ya moyo yatarudi. Dubois akishika katikati ya ulingo kwa jebu, atampa Mkroatia usiku mrefu. Ninampa Hrgovic nafasi kidogo zaidi, kwa pointi, lakini ikifika raundi ya 8 wote wawili wakiwa wamesimama, sitashangaa jibu likiwa tofauti.

Wilder na Zhang: mlango unaofungwa

Yule Zhang aliyeshindwa Jedda ndiye anayefunga usiku wa Jumamosi dhidi ya Mmarekani Deontay Wilder. Hapa ndipo utaona jinsi foleni ilivyo na njia za pembeni. Hrgovic aliyeshinda mchujo alikaa akingoja. Zhang aliyeshindwa akapitia mlango mwingine: Aprili 2023 alimsimamisha Joe Joyce katika raundi ya 6 na kumnyang'anya mkanda wa muda wa WBO, na Septemba akamrudia na kummaliza katika raundi ya 3. Kisha Machi mwaka huu, akiwa karibu kabisa na Usyk, akapoteza kwa pointi mbele ya Joseph Parker, ingawa alimwangusha mara mbili.

Wilder naye amepigwa na Parker huyo huyo, Desemba iliyopita, kwa pointi nyingi. Kwa hiyo hawa ni watu wawili waliosukumwa nje ya foleni na mtu mmoja. Zhang ana miaka 41, Wilder 38. Atakayeshindwa hana muda wa kuanza upya.

Wilder alikuwa bingwa wa WBC kuanzia 2015 hadi 2020 na alitetea mkanda wake mara 10. Ameshinda mara 43, na 42 kati ya hizo ni kwa KO. Alianza ngumi akiwa mtu mzima tayari, baada ya binti yake wa kwanza kuzaliwa na tatizo la uti wa mgongo, akitafuta njia ya kumtunza. Miaka mitatu hivi baadaye alikuwa na medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing 2008. Katika michezo hiyo hiyo Zhang alichukua fedha kwa uzito wa juu zaidi, mbele ya watu wa nchi yake.

Zhang naye ni mhamiaji kama sisi. Alikuwa na miaka 31 alipoanza ngumi za kulipwa mwaka 2014 nchini Marekani, umri ambao wengine wanafikiria kustaafu, na makazi yake ni New Jersey. Anapiga kwa kushoto, hana haraka, na konde lake la kushoto likipita katikati ya mikono ya mtu halisameheki. Udhaifu wake ni pumzi: baada ya raundi ya 6 miguu yake huwa mizito.

Wilder wa zamani angengoja mpaka Zhang achoke, kisha angeachia ule mkono wake wa kulia. Wilder tuliyemwona na Parker alikuwa anaogopa kuuachia. Kama mkono huo haujarudi, Zhang atammaliza kabla ya raundi ya 7, na hivyo ndivyo ninavyotabiri.

Mengine ya usiku huo

Pambano ninaloona litapendeza kuliko yote kwa macho ni la uzito wa unyoya, wa kilo 57. Raymond Ford wa Camden, New Jersey, anatetea mkanda wa WBA alioupata mwezi Machi dhidi ya Otabek Kholmatov kwa namna ambayo hata waandishi wa tamthilia wangeogopa kuiandika: alikuwa nyuma kwa pointi, akamsimamisha mwenzake zikiwa zimebaki sekunde 7 pambano liishe. Mpinzani wake, Nick Ball wa Liverpool, ana urefu wa futi 5 na inchi 2 hivi na hajui kurudi nyuma. Mwezi huo huo wa Machi, hapa Riyadh, Ball alimwangusha bingwa wa WBC, Rey Vargas, mara mbili, na bado majaji wakatoa sare. Wote wawili hawajawahi kushindwa.

Dmitry Bivol alikuwa apigane na Artur Beterbiev kwa mikanda yote minne ya uzito unaoishia kilo 79.4. Beterbiev akaumia goti, na nafasi ikaenda kwa Malik Zinad, Mlibya mwenye ushindi 22 na hajapoteza. Bivol, aliyemshinda Canelo Álvarez mwaka 2022, ni fundi mkubwa na anapewa nafasi kubwa. Lakini mtazame Zinad kwa makini. Bondia wa Afrika mara nyingi hupata zamu yake hivi hivi: simu inalia kwa sababu mwingine ameumia, na siku za kujiandaa ni chache.

Uzito wa kati una vijana wawili ambao hawajapoteza: Hamzah Sheeraz wa Uingereza, mrefu mwenye ngumi nzito, na Austin Williams anayeishi Houston. Naye Willy Hutchinson wa Scotland atapigana na Craig Richards wa London.

Isipokuwa pambano la Bivol, mengine matano ni ligi ndogo kati ya mapromota wawili wa Uingereza waliokuwa mahasimu kwa miaka mingi, Frank Warren wa Queensberry na Eddie Hearn wa Matchroom. Ushindi kwa pointi unaipa timu alama 1, ushindi kabla ya mwisho alama 2, na alama za nahodha wa kila timu huzidishwa mara mbili.

Na sisi tuko wapi kwenye foleni?

Afrika Mashariki imewahi kufika juu kabisa, na waliofika wengi walipitia ughaibuni. Mganda Ayub Kalule, aliyefanya maskani yake Denmark, alitwaa ubingwa wa WBA huko Japani mwaka 1979, na ilihitajika Sugar Ray Leonard kumvua mwaka 1981. Mganda mwenzake John Mugabi, mshindi wa fedha wa Olimpiki ya Moscow 1980, alikutana na Marvin Hagler mjini Las Vegas tarehe 10 Machi 1986 akiwa amemaliza wapinzani wake wote kwa KO. Akapoteza katika raundi ya 11 ya pambano ambalo waliolishuhudia bado wanalisimulia. Hakukata tamaa, na mwaka 1989 akawa bingwa wa WBC katika uzito mwingine.

Usiku ule wa Mugabi una somo kuhusu foleni. Kabla yake Thomas Hearns alimwangusha James Shuler katika raundi ya kwanza, na kila mtu akaamini kwamba Hearns atarudiana na Hagler. Marudiano hayo hayakufanyika kamwe. Hagler akaenda kwa Leonard. Kushinda ni nusu ya kazi, na nusu ya pili iko mikononi mwa wenye kalamu.

Wa karibu zaidi tunao. Mkenya Fatuma Zarika alikwenda Marekani mwaka 2016, akamshinda Alicia Ashley kwa pointi na kurudi Nairobi na mkanda wa WBC. Mwaka 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipanda ulingoni Birmingham dhidi ya Sam Eggington akiwa haonekani kuwa tishio kwa yeyote, na katika raundi ya pili mwamuzi akasimamisha pambano, mwenyeji akiwa hoi. Wengi wenu mliokuwa Uingereza mlipiga kelele mpaka majirani wakagonga mlango. Miaka minne baadaye, Liverpool, Liam Smith alimshinda Mwakinyo katika raundi ya 4.

Mara zote mbili Mwakinyo alikuwa mgeni kwenye ulingo wa mwenyeji. Hilo ndilo tatizo la mabondia wetu. Orodha za vyombo hupandwa kwa mikanda ya kanda, kwa promota mwenye sauti, na kwa mapambano yanayoonekana. Bondia wa Manzese au Mathare anaweza kuwa na ngumi, lakini bila vitu hivyo huitwa aje kupigana, haitwi aje kuchujwa. Siku tutakayosikia jina la mtu wetu kwenye mchujo rasmi, tukio hilo litastahili kukeshewa kuliko pambano la ubingwa la wengine.

Kuangalia na familia

Matangazo yako DAZN kwa malipo ya ziada. Mapambano ya mwisho ya Riyadh huanza karibu na saa 6 usiku au baada yake, kwa saa za huko. Ikiwa Riyadh ni saa 6 usiku:

- Dar es Salaam, Mombasa na Kampala ni saa 6 usiku vile vile
- Bukavu na Bujumbura ni saa 5 usiku
- Maskati na Dubai ni saa 7 usiku
- London ni saa 4 usiku
- New York ni saa 11 jioni
- Minneapolis na Houston ni saa 10 jioni

Walio Marekani wataweza kuangalia na watoto bila kuvunja ratiba ya kulala. Njia nzuri ya kumfanya mtoto aelewe ngumi badala ya kushangilia damu ni kumpa karatasi na kalamu awe jaji. Kila raundi mshindi anapata 10, aliyeshindwa 9. Aliyeangushwa chini mara moja kwa kawaida hupata 8. Msijadiliane mpaka mwisho, kisha linganisheni na majaji watatu wa ukumbini.

Mwonyesheni pia mfano wa Jedda. Zhang alimwangusha Hrgovic katika raundi ya kwanza tu, na bado majaji walimpa Hrgovic ushindi wa 115-112, 115-112 na 114-113, kwa kuwa konde moja halilipi raundi nyingi zilizopotea. Na mkifika kwa Dubois, mwelezeni kisa cha jicho. Mtoto akijua kwamba kupiga goti kwa wakati wake si uoga, amejifunza jambo litakalomfaa hata asipovaa glavu maisha yake yote.

Asubuhi ya Jumapili usiishie kusoma nani ameshinda. Angalia IBF itasema nini kuhusu Usyk, na Usyk atajibu nini. Hrgovic akishinda, tutajua kama miaka miwili ya kungoja ina malipo. Akishindwa, haki aliyoipata Jedda itakuwa imekwenda kwa mtu mwingine, naye ataanza kungoja upya.